Bi Mwenza na Swali la Kumi na Nne

Bi Mwenza hakuwa na mume wala hakupata kuwa naye, na jina hilo wanafunzi walimpa kwa sababu nyingine kabisa. Alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari ya wasichana iliyokuwa nyuma ya soko la mbao, ambako misumeno ilinguruma tangu asubuhi hadi kengele ya mwisho, na mwalimu asiyejua kupaza sauti alikuwa anafundisha ukuta. Kila mwaka, lilipofika somo la namba changamano, alisimama mbele ya ubao wake wenye ufa katikati, akaandika sehemu moja ndefu, akagonga chaki mara mbili chini ya mstari.

"Haya. Huyu wa chini anatusumbua. Mtafutieni mwenzake!"

Darasa liliangua kicheko, kwa sababu wasichana wa miaka kumi na saba wakisikia neno "mwenzake" hawafikirii hesabu. Aliwaacha wacheke mpaka wamalize. Kisha akawaeleza. Wa chini, kwenye asili, alikuwa namba kama 3 + i, na hiyo i ndiyo shida, maana ni ile namba ya kufikirika ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata hasi moja. Huwezi kuiacha chini ya mstari ukasema umerahisisha. Mwenzake ni 3 − i: namba ile ile, ila alama ya katikati imegeuzwa. Ukizidisha juu na chini kwa mwenza huyo, i ya chini inajifuta yenyewe.

"Tatu mara tatu?"

"Tisa!"

"Na i mara i?"

"Hasi moja!"

"Tisa ukitoa hasi moja?"

"Kumi!"

"Kumi. Atakayeniandikia nane nitamfuata mpaka kwao nimwulize mbele ya mama yake."

Alifundisha hivyo miaka ishirini na tisa. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye vidole vyeupe kwa chaki, na asiyejua kupamba maneno. Mtu akimwuliza gauni lake jipya likoje, alimwambia. Dada yake mkubwa, ambaye alikuwa mshonaji, alishamkataza kusimama karibu na wateja.

Kwao walizaliwa wawili tu. Baba yao alikuwa akiwabebea wapima ardhi mnyororo wao wa kupimia. Alikuwa akirudi nyumbani na karatasi za mahesabu zilizoharibika, upande mmoja umejaa, upande wa pili mweupe, na kwenye huo upande mweupe ndiko Bi Mwenza alikojifunzia kujumlisha. Mama yao alipofariki, dada aliacha shule akakaa kwenye cherehani ili mdogo wake aendelee. Hawakulizungumza jambo hilo kwa huzuni. Dada alilizungumza kwa utani tu, pale mdogo wake alipochelewa kuosha vyombo.

"Yaani mimi nimekatisha masomo ili wewe ukasomee namba ambazo hazipo?"

"Zipo, dada."

"Nionyeshe moja."

Waliishi pamoja katika nyumba ya vyumba viwili na kibaraza, cherehani mlangoni, madaftari juu ya kabati, mpaka wakazeeka humo bila kugombana kwa jambo kubwa.

Mwaka wa mambo ya swali la kumi na nne, Bi Mwenza alikuwa na mwanafunzi mmoja ambaye wenzake walimwita Kifutio, kwa kuwa hakuwahi kuwa na kifutio chake na kila siku aliazima. Baba yake alikuwa fundi wa kuziba matairi kwenye njia ya kwenda stendi. Msichana mwenyewe alikuwa mkimya, mwenye kuinamia daftari kama anayenusa, na alikuwa mwepesi wa hesabu kuliko yeyote Bi Mwenza aliyepata kumfundisha. Alitaka kwenda chuo cha ufundi kusomea umeme. Bi Mwenza ndiye aliyemtia hamu hiyo, siku alipowaambia kwamba mafundi wa umeme mkubwa hutumia namba hizo hizo za i kukokotoa mkondo unavyopita kwenye mashine. Kifutio alibaki darasani wenzake walipotoka.

"Mwalimu, kwa hiyo hazikutungwa kutusumbua tu?"

"Hazikutungwa kutusumbua. Kaa vizuri, utapata mgongo."

Mtihani wa mwisho ukafanyika, na kama kila mwaka Bi Mwenza akaitwa kusahihisha. Walimu waliochaguliwa walikusanywa kwenye ukumbi wa chuo kimoja, meza ndefu zimepangwa, feni zinazunguka bila kuleta upepo, chupa za chai pembeni, na kila mmoja na kalamu zake nyekundu. Siku ya kwanza walitia saini kiapo cha siri: lolote litakaloonekana humo ndani halitoki nje. Kisha wakagawiwa mwongozo wenye majibu, na kila meza ikapewa maswali yake.

Mkuu wa jopo alikuwa Mzee wa Rula. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuweza kupigia neno mstari bila rula, hata kwenye orodha ya vitu vya dukani. Yeye na Bi Mwenza walisoma pamoja chuo cha ualimu, na ni Bi Mwenza aliyemfundisha namba changamano, kwenye benchi nje ya maktaba, wiki moja kabla ya mtihani, mpaka zikamwingia. Alikuwa hajasahau. Kila mwaka alimpokea ukumbini kwa kumshika mkono kwa mikono miwili.

Siku tatu za mwanzo Bi Mwenza alisahihisha meza ya maswali kumi ya kwanza. Siku ya nne msahihishaji mmoja aliumwa jino mpaka shavu likavimba, akarudishwa kwao, na Bi Mwenza akahamishiwa kiti chake, kwenye meza ya swali la kumi na nne.

Swali lilisema: rahisisha 3 + 4i gawanya kwa 2 − i, kisha tafuta ukubwa wa jibu lako. Maksi nne. Alichukua karatasi ya kwanza, mtahiniwa alikuwa ameandika 2 + 11i, yote juu ya tano. Akaweka vema. Akatupia jicho mwongozo. Mwongozo ulisema 2 + 11i, yote juu ya tatu.

Alidhani macho yamemchezea. Akakokotoa upya kwenye kiganja. Mwenza wa 2 − i ni 2 + i. Mbili mara mbili, nne. Nne ukitoa hasi moja, tano. Aliyeandaa mwongozo alikuwa amefanya lile kosa la watoto: juu alikumbuka kwamba i mara i ni hasi moja, chini akasahau, akatoa moja pale palipotakiwa kuongeza.

Akamgusa kiwiko mwalimu kijana mwenye miwani aliyekaa kando yake.

"Mwenzangu, umeliona hili?"

"Tuliliona siku ya kwanza," kijana alisema bila kuinua kichwa. "Tumeambiwa tufuate mwongozo."

"Walioandika tano mnawapa nini?"

"Maksi moja ya njia."

"Na walioandika tatu?"

"Zote nne."

Bi Mwenza aliweka kalamu chini. Karatasi zilizokwisha kusahihishwa zilikuwa zimepangwa mafungu mafungu hadi ukutani, kila fungu limefungwa kwa uzi.

Mzee wa Rula alikuwa amepewa chumba cha kuhifadhia vifaa vya maabara kama ofisi. Bi Mwenza aliingia na karatasi moja, akaiweka mbele yake. Hakuwa amekuja kubishana. Alikuwa amezidisha majibu yote mawili kwa 2 − i ili kuona lipi linarudi kuwa 3 + 4i. Lenye tano lilirudi kamili. Lenye tatu lilileta tano na vipande visivyokuwemo kwenye swali.

Mzee wa Rula alisoma mstari kwa mstari, rula imewekwa chini ya kila mmoja.

"Ni kweli," alisema.

"Basi turekebishe."

"Dada yangu, kaa kwanza." Alifunga mlango. "Siku ya nne hii. Nusu ya karatasi za nchi nzima zimeshapita. Tarehe ya matokeo imeshatangazwa. Mwongozo una saini tano, mojawapo yangu. Nikisema leo una kosa, nitaulizwa nilikuwa wapi wakati natia saini."

"Ulikuwa wapi?"

Mzee wa Rula alichukua kitambaa akafuta rula, ambayo haikuwa na kitu.

"Ni swali moja," alisema baadaye. "Maksi tatu. Nani ataanguka kwa maksi tatu?"

"Wewe unajua wapo. Huwa wapo."

"Nakuomba," alisema Mzee wa Rula. "Rudi ukakae. Tumalize salama."

Alirudi akakaa. Ila hakufuata mwongozo. Aliyeandika tano alimpa nne, aliyeandika tatu akampa moja ya njia, na hivyo hivyo kwa siku moja na nusu, kimya kimya, mpaka mhakiki aliyekuwa akichukua karatasi chache kutoka kila fungu alipolikuta lake. Akaitwa mbele ya meza kuu, ukumbi mzima unasikia. Akaambiwa achukue mafungu yake yote ayasahihishe upya kwa kufuata mwongozo.

"Siwezi," alisema.

"Huwezi au hutaki?"

"Chagueni lolote. Siandiki kosa kwenye jibu sahihi."

Ilipofika saa sita mchana alikuwa getini na mkoba wake. Mlinzi alitoa vitu vyake kimoja kimoja, hata sindano na uzi ambavyo dada yake alimwekea kwa ajili ya vifungo, akavirudisha kwa aibu. Yule kijana mwenye miwani alipewa mafungu ya Bi Mwenza akayarekebisha kwa kufuata mwongozo.

Nyumbani alimwambia dada yake kwamba wamemaliza mapema. Ulikuwa uongo wa kwanza kumwambia tangu utoto, na dada aliujua papo hapo, ila akaendelea kukanyaga cherehani.

Miezi mitatu baadaye matokeo yalitoka. Kifutio alifaulu masomo yote, lakini chuo cha ufundi kilikuwa na kiwango chake cha hesabu, na kiwango hicho alikikosa kwa maksi mbili.

Alikuja Jumamosi asubuhi, amevaa sketi ya shule ingawa shule imekwisha, amekunja karatasi ya maswali mkononi. Alimwamkia dada kwanza, kisha mwalimu, akakaa kwenye ukingo wa kibaraza. Macho yalikuwa yamevimba lakini sauti ilikuwa imetulia.

"Mwalimu, nataka kujua nilikosea wapi. Ili nikirudia nisikosee tena. Majibu yangu yote niliyanakili hapa pembeni."

Bi Mwenza alivaa miwani. Alipitia swali la kwanza mpaka la kumi na tatu. Kulikuwa na kosa moja dogo kwenye swali la saba, akamwonyesha. Alipofika la kumi na nne aliona kwa penseli, kwa maandishi madogo safi, 2 + 11i, yote juu ya tano. Na chini yake, ukubwa: mzizi wa tano. Hakuna kilichopungua.

Alikuwa na kiapo, na alikuwa mtu wa kushika neno. Angeweza kusema ni kosa la swali la saba, msichana angeondoka. Badala yake alimwambia yote: mwongozo, tatu badala ya tano, mafungu yaliyofungwa kwa uzi, chumba cha maabara, geti.

Cherehani ilinyamaza. Dada alikuwa amesikia kila neno.

"Kwa hiyo nilikuwa sahihi," Kifutio alisema.

"Ulikuwa sahihi."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua mwongozo una kosa. Sikujua litakupata wewe."

"Tangu lini?"

"Tangu tuliposahihisha."

Msichana aliikunja karatasi, akaikunja tena, ikawa ndogo kama kiberiti.

"Bora usingeniambia," alisema. "Ningekuwa nimekosea, ningerudia. Ningesoma usiku na mchana. Sasa nikarudie nini? Nikiandika sahihi wanakata. Mwaka kesho nitajuaje wanataka sahihi au wanataka lao?"

Bi Mwenza alinyoosha mkono kumshika bega, lakini Kifutio alishasimama.

Baba yake, fundi wa matairi, hakuwa mtu wa kunung'unikia chumbani. Jumatatu alivaa shati la kutokea, akaenda ofisi ya mitihani na ile karatasi, akataka kuonana na mkubwa. Alizungushwa mlango huu na mlango ule mpaka mchana. Mwishowe bwana mmoja mwenye tai alimwuliza kwa upole, "Mzee, na nani aliyekueleza mambo ya mwongozo?" Fundi hakuona sababu ya kuficha. Alisema ni mwalimu wa binti yake, mtu mwaminifu, wamwite wamwulize.

Wakamwita.

Walikuwa watu watatu nyuma ya meza moja, na Mzee wa Rula kwenye kiti cha pembeni kama shahidi. Bi Mwenza alivaa gauni la kijivu aliloshonewa kwa ajili ya mahafali, mkononi ana karatasi aliyoandika kokotoo lote kwa wino, herufi kubwa, ili hata asiyejua hesabu alifuate.

"Ulitia saini kiapo cha siri?" aliuliza mwenyekiti, mama mmoja wa makamo mwenye sauti laini.

"Nilitia."

"Ulimweleza mtahiniwa yaliyomo kwenye mwongozo?"

"Nilimweleza. Mwongozo una kosa. Nimeandika hapa, ni mistari sita tu."

"Hatuko hapa kwa ajili ya hesabu, Mwalimu."

"Basi mko hapa kwa ajili ya nini?"

Mama yule aliandika kitu. Kisha akamgeukia Mzee wa Rula, akamwuliza kama mwongozo ulikuwa sawa. Mashine ya kuchapa ya ofisi ya pili ilisikika. Bi Mwenza alimtazama. Hakumkonyeza, hakumsihi. Alisubiri tu, kama alivyosubiri wanafunzi waliosimamishwa kujibu.

"Mwongozo," alisema Mzee wa Rula, "ulipitishwa kwa kufuata taratibu zote."

Lilikuwa jibu la kweli, na hakuna aliyemwuliza zaidi.

Bi Mwenza aliondolewa kwenye ualimu kwa kosa la kuvunja kiapo. Kwenye ukumbi wa kutokea Mzee wa Rula alimkimbilia, anapumua kwa shida.

"Imebaki miaka miwili nistaafu," alisema. "Nielewe, dada yangu. Miaka miwili."

"Mimi ilibaki minne," alisema Bi Mwenza, akashuka ngazi.

Alidhani hilo ndilo baya zaidi, na haikuwa hivyo. Habari zilipofika sokoni zilikuwa zimegeuka. Walisema yule mwalimu wa hesabu amefukuzwa kwa kuvujisha mtihani. Alijaribu kufundisha watoto wachache kibarazani, wakaja wiki mbili, kisha mama zao wakaanza kuwa na udhuru: huyu ana mafua, yule amekwenda kwa bibi yake. Mwisho lilibaki jamvi tu. Mama mmoja muuza mkaa, aliyekuwa na binti wawili waliopita mikononi mwake, alimpita njiani akatazama upande wa pili. Bi Mwenza alirudi akamwambia dada yake, "Nipe kazi." Dada akampa vifungo na matundu ya vifungo.

Kifutio hakurudia mtihani. Baba yake alimbembeleza, akamfokea, akamtuma shangazi yake, alikataa. Alipata kazi kwenye kiwanda cha sabuni, kwenye mstari wa kupanga vipande ndani ya maboksi, vipande ishirini na vinne kila boksi.

Mwaka wa pili kikatolewa kitabu cha mitihani iliyopita pamoja na majibu yake. Bi Mwenza alikiona kwenye duka la madaftari alipokwenda kununua nyuzi, akakifungua akiwa amesimama. Swali la kumi na nne: 2 + 11i, yote juu ya tano. Ukubwa, mzizi wa tano. Hapakuwa na maelezo. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba walipata kusema vingine.

Alikinunua, akaenda moja kwa moja mpaka kiwandani, akasubiri chini ya ukuta mpaka wafanyakazi walipotoka kula. Kifutio alitoka na wenzake, kitambaa kichwani, mikono imebabuka kwa magadi. Alipomwona alisimama, akamwamkia kwa heshima kama zamani. Bi Mwenza alimfungulia ukurasa.

Msichana alisoma. Alisoma mara mbili.

"Kwa hiyo wamekubali."

"Wamesahihisha kitabu."

"Na matokeo yangu?"

"Hayajaguswa. Nitawaandikia. Sasa tuna ushahidi waliouchapa wenyewe."

"Andika, Mwalimu," alisema Kifutio, na hakukuwa na hasira kwenye sauti yake, wala kitu kingine. Alimrudishia kitabu kwa mikono miwili. "Nina dakika kumi tu za kula."

Bi Mwenza aliandika. Aliambatisha ukurasa wa kitabu, na nakala ya majibu ya penseli ambayo fundi wa matairi alikuwa ameitunza ndani ya kopo la gundi. Aliandika mara tatu kwa kuwa barua mbili za mwanzo hazikujibiwa. Jibu lilikuja mwezi wa saba, mistari minne na muhuri.

Alilisoma amesimama mlangoni. Dada yake alikuwa kwenye cherehani, na kanzu ndefu ya mteja imemjaa mapajani.

"Wamesemaje?"

"Wamesema muda wa kukata rufaa umepita."

Dada aliondoa mguu kwenye kanyagio.

"Haya, njoo unishikie huku," alisema. "Kitambaa kinateleza."

Bi Mwenza aliiweka barua kwenye kabati, juu ya madaftari, akaja akashika.